Skripti Inakubali Kipimo Kimoja, Inakataa Vitano: Dalili na Vyanzo Vyake

Ukikaa Kisumu na watu wakajua kwamba unaandika R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, utaletewa skripti, yaani mafaili ya amri zake. Nyingi zinahusu maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria: joto, oksijeni iliyoyeyuka, pH (kipimo cha uchachu), tope, klorofili (rangi ya kijani ya mimea ya majini). Malalamiko ni ya aina mbili. Mmoja anasema, "Oksijeni peke yake ilikuwa sawa, nilipoongeza pH ikaharibika." Mwingine anasema kinyume chake: "Vyote vitano vinapita, nikibakiza kimoja tu inakufa." Ukizichungulia zote mbili, chanzo ni kilekile. Skripti imeandikwa ikitarajia umbo fulani la data, na umbo hilo hubadilika mara tu idadi ya vipimo inapobadilika.

Mifano yote hapa inatumia jedwali moja. Kila mstari ni ziara moja ya kuchota maji, na vituo ni Dunga, bandari ya Kisumu, mlango wa mto Nyando, Asembo na Homa Bay.

```
ziwa   <- read.csv("winam.csv")
vipimo <- c("joto", "oksijeni", "ph", "tope", "klorofili")
```

Zipo pia safu za kituo, tarehe na msimu, ambao ni mvua au kiangazi. Anza na dalili inayofanana na yako. Ila sehemu ya namba zinazobadilika bila kosa isome hata kama unadhani haikuhusu.

Inakubali vingi, inakataa kimoja

Mstari huu unafanya kazi ukiwa na vipimo vitano:

```
colMeans(ziwa[, vipimo], na.rm = TRUE)
```

Badilisha `vipimo` iwe `"oksijeni"` tu, nawe utapata hili:

```
'x' must be an array of at least two dimensions
```

R ikiombwa safu moja kwa mabano yenye koma, hulivua jedwali na kukupa vekta, yaani mfuatano wa thamani tu, usio na safu wala jina. `colMeans` inatafuta safu na haizioni. Ugonjwa huohuo una sura nyingine mbili: `apply` italalamika kwamba `dim(X) must have a positive length`, na mzunguko (amri inayorudiwa kwa kila safu) ulioandikwa `1:ncol(...)` utasema `argument of length 0`, kwa sababu vekta haina `ncol`. Ujumbe ni tofauti, dawa ni moja:

```
ziwa[, vipimo, drop = FALSE]
ziwa[vipimo]
```

Mimi napendelea ule wa pili. Bila koma, jedwali linabaki jedwali, liwe na safu moja au hamsini.

Kuna namna moja ya dalili hii inayogombanisha watu ofisini. Skripti inapita kwenye kompyuta ya mwenzako na kukataa kwenye yako, na nyote mna faili lilelile. Angalia mlivyolisoma. Aliyetumia `read_csv` ya kifurushi cha readr amepata tibble, aina nyingine ya jedwali la R, na tibble haivuliwi hata ukiomba safu moja. Aliyetumia `read.csv` amepata jedwali la kawaida, ambalo huvuliwa. Mambo hugeuka pia: `mean(ziwa[, "joto"])` inampa wa `read.csv` wastani, lakini wa tibble anaambulia NA (alama ya thamani isiyojulikana) na onyo kwamba alichopeana si namba. Ukitaka yaliyomo ndani ya safu moja, tumia mabano mawili, `ziwa[["joto"]]`. Hayo yana maana moja kwa wote wawili.

Inakubali kimoja, kwenye mzunguko inatoa NULL au jibu lilelile

Ulianza na `mean(ziwa$oksijeni)`, ikakubali. Ukataka kuzungusha:

```
for (k in vipimo) print(mean(ziwa$k, na.rm = TRUE))
```

Unapata NA mara tano, kila moja na onyo lake. Alama ya dola haifungui `k` kuona kilichomo. Inatafuta safu inayoitwa "k" kwa jina. Haipo, basi inarudisha NULL, yaani si kitu. Andika `ziwa[[k]]`.

Hiyo ni bahati nzuri, kwa kuwa angalau NA inaonekana. Sasa tuseme badala ya `k` uliandika `j`. Alama ya dola hukubali kifupi cha jina mradi safu inayoanza hivyo iwe moja tu, na katika jedwali hili ni `joto` pekee inayoanza na j. R inakupa joto mara tano, kimya kabisa. Oksijeni 25, tope 25, klorofili 25. Tope la 25 halitamshtua mtu, ila pH ya 25 inapaswa kukuamsha usingizini, kwa sababu kipimo hicho kinakomea 14. Kwa `k` uliokoka tu kwa sababu `kituo` na `klorofili` zote zinaanza na herufi hiyo, R ikashindwa kuchagua.

Weka mstari huu juu kabisa ya skripti ili R ianze kusema inapobahatisha majina:

```
options(warnPartialMatchDollar = TRUE)
```

"variable lengths differ"

Hii huja mtu anapotoka kwenye wastani na kuingia kwenye modeli, hapa `lm`, inayokadiria kipimo kimoja kutokana na kingine:

```
for (k in vipimo) lm(k ~ msimu, data = ziwa)
```

Ndani ya fomula, `k` si oksijeni. Ni neno moja lililokaa nje ya jedwali, lina urefu wa 1, na `msimu` una urefu wa jedwali zima. Jenga fomula kwanza, kisha uipeleke:

```
f <- reformulate("msimu", response = k)
lm(f, data = ziwa)
```

Ikiwa kinachobadilika kiko upande wa kulia, kwa mfano unauliza oksijeni inategemea nini, geuza: `reformulate(k, response = "oksijeni")`. Na `reformulate(vipimo_vya_kulia, response = "oksijeni")` inapokea majina mengi na kuyaunganisha kwa alama za kujumlisha yenyewe. Kwa hiyo mstari uleule unatumika kwa kigeu kimoja na kwa vingi. Wengi bado wanaunganisha maneno kwa `paste` na `as.formula`. Inafanya kazi, ila ni rahisi kukosea.

Hakuna kosa, lakini namba zimebadilika

Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana skripti inapita kuanzia juu hadi chini bila kulalamika. Unaendesha oksijeni peke yake, unaandika wastani kwenye ripoti. Wiki inayofuata unaendesha vipimo vyote vitano, na wastani wa oksijeni si ule. Hakuna aliyegusa faili.

Tafuta `na.omit`. Karibu kila mara iko mahali fulani juu:

```
safi <- na.omit(ziwa[vipimo])
```

`na.omit` hutupa mstari wote ikiwa safu yoyote kati ya ulizotaja ina pengo. Oksijeni hupimwa papo hapo ndani ya mtumbwi kwa kifaa cha mkononi, kwa hiyo mapengo yake ni machache. Klorofili inataka maji yachujwe na kupelekwa maabara, na si kila ziara ina bajeti ya maabara. Tuseme jedwali lina mistari 240, oksijeni ipo kwenye 231, klorofili kwenye 96. Ukiendesha oksijeni peke yake unatumia mistari 231. Ukiongeza klorofili kwenye orodha, oksijeni nayo inahesabiwa kwa mistari 96 au pungufu. Klorofili imekula data ya jirani yake.

Kama mapengo yangetawanyika ovyo ovyo, ungepoteza usahihi kidogo tu. Lakini data ya shambani haipotei ovyo. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikimwagika, uwanda wa Kano hufurika, na kufika mlango wa Nyando kunakuwa shida. Siku hizo hizo ndipo mto unaleta udongo mwingi ziwani. Ziara zilizokatizwa na sampuli zilizoharibika zitakuwa nyingi zaidi katika msimu huo. Ukitupa mistari yake, tope linashuka kwenye ripoti, na msomaji anaambiwa kwamba maji ya Nyando si machafu sana. Mfugaji wa samaki wa vizimbani anayetaka kujua oksijeni hushuka lini hatasaidiwa na wastani uliotokana na miezi ambayo barabara zilikuwa kavu.

Kuithibitisha ni rahisi. Hesabu mapengo kwa kila safu, kisha uyaangalie kwa msimu:

```
colSums(is.na(ziwa[vipimo]))
table(ziwa$msimu, is.na(ziwa$klorofili))
```

Tiba ni kuondoa mapengo ndani ya kila kipimo, na kila tokeo litoke likiwa na `n` yake. Mimi jedwali la matokeo lisilo na `n` silisomi. Ukiiweka, mtu yeyote ataona kwamba oksijeni ina 231 na klorofili 96, na maswali yataulizwa kabla ripoti haijafika kaunti.

Usigeuze hili kuwa sheria isiyovunjwa, hata hivyo. Kuna kazi ambazo lazima mistari iwe ileile kwa vipimo vyote. Ukilinganisha modeli ya oksijeni kwa joto na modeli ya oksijeni kwa joto pamoja na klorofili, ya pili itatumia mistari michache, kwa sababu `lm` yenyewe hutupa mapengo. `anova`, inayolinganisha modeli, itakataa na kusema kwamba `models were not all fitted to the same size of dataset`. `AIC`, alama ya kupima ubora wa modeli, itatoa onyo kisha ikupe namba, na watu huchukua namba wakaacha onyo. Hapo kata jedwali mara moja kwa vigeu vyote vitakavyotumika, halafu endesha modeli zote juu ya mistari hiyo hiyo. Uwiano (namna vipimo viwili vinavyokwenda pamoja) nao una chaguo lake: `cor` yenye `use = "complete.obs"` hutumia mistari iliyokamilika kote, na `"pairwise.complete.obs"` huangalia kila jozi kivyake. Wanaotumia Stata, programu nyingine ya takwimu, wanakutana na jambo hili kati ya `correlate` na `pwcorr`. Chagua moja na uandike kwenye ripoti umechagua ipi.

Matokeo yanabadilika umbo

`sapply` ni kama fundi anayekushonea shati au kanzu kulingana na alivyoamka. Funksheni yako ikirudisha namba moja, unapata vekta. Ikirudisha tatu, unapata matriki, tena iliyolala ubavu. Ikirudisha mbili kwa kipimo kimoja na tatu kwa kingine, unapata orodha. Mistari inayofuata kwenye skripti ilitarajia umbo moja, kwa hiyo inavunjika, na kosa linaonekana mbali na mahali lilipoanzia.

Funksheni ipokee jina la kipimo kimoja na irudishe mstari mmoja wa jedwali:

```
pima <- function(k, d) {
  stopifnot(k %in% names(d), is.numeric(d[[k]]))
  x <- d[[k]]
  x <- x[!is.na(x)]
  data.frame(kipimo = k, n = length(x),
             wastani = mean(x), sd = sd(x))
}

matokeo <- do.call(rbind, lapply(vipimo, pima, d = ziwa))
```

Ukiwa na jina moja, `matokeo` ni jedwali la mstari mmoja. Ukiwa na matano, mistari mitano. Hakuna `if` ya kuuliza viko vingapi, kwa sababu kimoja ni orodha yenye kitu kimoja tu. Skripti yenye tawi moja la kipimo kimoja na tawi jingine la vingi ni skripti mbili ndani ya faili moja, na siku utakayorekebisha moja utaisahau nyingine.

Huo mstari wa `stopifnot` usiutoe. Bila huo, ukiandika `oksjeni` kwa haraka, `d[["oksjeni"]]` inarudisha NULL, nawe unapata mstari wenye `n` ya 0.

Kipimo kimoja kibaya kinaangusha vyote

Mzunguko unapita joto, oksijeni, ph, tope, kisha unakufa kwenye klorofili, na kwa kuwa matokeo hayakuwa yamehifadhiwa umepoteza yote. Kabla ya kutafuta namna ya kuruka kosa, angalia safu yenyewe:

```
sapply(ziwa[vipimo], class)
```

(Ndiyo, ni `sapply` niliyoisema vibaya hivi punde. Kwa kuchungulia kwa macho haina neno.)

Ikiwa klorofili imeandikwa `character`, kuna maneno ndani yake. Maabara huandika `<0.5` pale kiasi kilipo chini ya uwezo wa kifaa. Mwingine ameandika 1,200 kwa koma, mwingine "haikupimwa". Neno moja linatosha kugeuza safu nzima. Ukilazimisha kwa `as.numeric`, maneno yanakuwa NA na onyo linatoka. Kuwa mwangalifu na skripti za zamani: kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020, `read.csv` iligeuza maneno kuwa fakta (makundi ambayo R huyapa namba 1, 2, 3 kwa ndani), na `as.numeric` juu ya fakta hutoa namba za mafungu, si thamani zenyewe, tena bila onyo. Ukirithi skripti ya miaka hiyo, usiamini safu yoyote iliyopitia njia hiyo.

Na `<0.5` isifanywe NA kwa wepesi. Maabara imekuambia kitu, kwamba kiasi ni kidogo. Ukiifuta, unaondoa thamani za chini tu, na wastani unapanda. Iweke alama kwenye safu yake yenyewe, kisha amua na wa maabara itakavyohesabiwa.

Baada ya hapo ndipo unapoweka kinga, ili kipimo kimoja kisizuie vingine:

```
pima_salama <- function(k, d) tryCatch(
  cbind(pima(k, d), kosa = NA_character_),
  error = function(e)
    data.frame(kipimo = k, n = NA, wastani = NA,
               sd = NA, kosa = conditionMessage(e)))
```

Kosa linaingia kwenye jedwali kama safu, mahali ambapo litasomwa. Kinachonikera ni `try(..., silent = TRUE)` isiyorekodi chochote: vipimo vitano vinaingia, vinne vinatoka, na hakuna anayehesabu.

Chati moja tu, au hakuna kabisa

Haraka haraka. Ndani ya `for`, ggplot (kifurushi cha kuchorea chati) haichori yenyewe, izungushie `print()`. Jina la safu lililo ndani ya `k` liandikwe `aes(y = .data[[k]])`. Na kama folda ina chati moja ya kipimo cha mwisho, basi kila chati imeandikwa juu ya iliyotangulia. Tumia `paste0("chati_", k, ".png")`.

Kila mara lazima ufungue skripti kubadilisha jina

Matokeo yake ni folda yenye `maji_ph.R`, `maji_ph_mpya.R` na `maji_ph_mwisho2.R`, na hakuna anayejua ni ipi iliyotoa jedwali la ripoti. Acha skripti ipokee majina kutoka nje:

```
maombi <- commandArgs(trailingOnly = TRUE)
if (length(maombi) > 0) vipimo <- maombi
```

Kisha kwenye dirisha la amri:

```
Rscript maji.R oksijeni
Rscript maji.R joto ph tope
Rscript maji.R
```

Ya kwanza inaendesha kimoja, ya pili vitatu, ya tatu vyote. Jina likikosewa, `stopifnot` italikamata.

Ghafla vipimo vingi vina tofauti kubwa

Kipimo kimoja hakikuwa na tofauti kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Umeendesha vitano kwa vituo vitano, na sasa viwili vitatu vina p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo au zaidi kwa bahati tu) chini ya 0.05. Kabla ya kuandika aya ya kushangilia, hesabu majaribio: ni 25. Hata kama hakuna tofauti yoyote ziwani, majaribio 25 yasiyotegemeana yana uwezekano wa asilimia 72 hivi wa kutoa angalau moja lililo chini ya 0.05 kwa bahati tu. Vipimo vya maji hutegemeana, kwa hiyo kwako asilimia hiyo haitakuwa hiyo kamili, lakini tatizo lipo.

R ina `p.adjust`, inayorekebisha p kulingana na idadi ya majaribio, yenye njia ya `"holm"` na ya `"BH"`. Watu wengi wanaijua, ila wanaiweka mahali pabaya: ndani ya funksheni ya kipimo kimoja, karibu na `t.test`, jaribio la kulinganisha wastani. Pale inapokea p moja, na p moja ikirekebishwa kwa ajili ya jaribio moja inabaki ilivyo. Hakuna kosa, hakuna onyo, na safu inaitwa `p_rekebishwa` huku haijarekebishwa hata kidogo. Funksheni irudishe p yake ghafi ikiwa safu ya ule mstari mmoja. Marekebisho yafanyike nje, mistari yote ikishaungana:

```
matokeo$p_holm <- p.adjust(matokeo$p, method = "holm")
```

Kagua kwa kulinganisha `p` na `p_holm`. Ikiwa una mistari mingi na safu hizo mbili zinafanana kila mahali, `p.adjust` bado iko ndani.